Doti 3,650 na maili moja ya karatasi

Mtu mmoja alikula sentimita 37 za kitambaa kwa siku. Ndivyo hesabu ilivyokwenda Zanzibar mwanzoni mwa 1871, Henry Morton Stanley wa gazeti la New York Herald alipokuwa akijiandaa kwenda bara kumtafuta David Livingstone. Wafanyabiashara walioijua njia walimwambia kwamba watu 100 hulishwa kwa chakula kinachonunuliwa kwa doti 10 kwa siku. Doti moja ni yadi 4. Zidisha kwa siku 365 upate doti 3,650 kwa mwaka: merikani 2,000, kaniki 1,000, na nguo za rangi 650. Ukikitandaza kitambaa hicho chote barabarani, kinapita kilomita 13.

Kitambaa hakikuwa mzigo peke yake. Kulikuwa na magunia 22 ya ushanga, ratili 350 za waya wa shaba, mahema, bunduki na dawa. Jumla ilikaribia ratili 11,000, yaani tani 5. Mpagazi mmoja hakubeba zaidi ya ratili 70, sawa na kilo 32. Gawanya, na unahitaji mabega 157 kabla hujahesabu kiongozi wa msafara, askari wala mpishi.

Sehemu ya kitambaa hicho ilikuwa itumike hapa kwetu Ugogo, nchi ya Wagogo inayozunguka Dodoma. Mei na Juni 1871 msafara wa Stanley ulivuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa, ukaingia Mvumi, kisha Matumbulu na Bihawana, ukaendelea magharibi kwenda Tabora. Mvumi leo iko Wilaya ya Chamwino. Matumbulu na Bihawana ziko ndani ya Jiji la Dodoma, na watu wanatoka huko kila asubuhi kwenda kazini mjini. Kila penye mtemi palikuwa na hongo, yaani malipo ya kupita, na hongo ililipwa kwa doti. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwa hasira juu ya malipo hayo. Mimi naona walikuwa wananunua maji. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Msafara wa watu mia na zaidi ukifika kisimani mwezi Juni unakunywa maji ya kijiji yaliyokusudiwa kufika Novemba, na unakula uwele na mtama wa ghala za watu. Mtemi asiyetoza bei angekuwa anawanyima watu wake.

Tunazijua hesabu hizi kwa sababu mtu aliziandika, na mtu mwingine akalipa gharama ya kutunza karatasi kwa zaidi ya miaka 150. Gharama hiyo haizungumzwi sana hapa kwetu. Nataka tuipigie hesabu, kwa sababu sehemu ya historia ya uwanda huu wa kati imelala katika barua za familia chache za wafanyabiashara wa mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, Marekani.

Merikani, kitambaa cha pamba cha Marekani, ilipata jina lake kwa haki. Septemba 21, 1833 Edmund Roberts alitia saini mkataba na Sultani Sayyid Said kwa niaba ya Marekani: ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoshushwa, na uhuru wa kununua na kuuza. Hata kabla ya wino kukauka Wamarekani walikuwa wameshajaa bandarini. Katika miezi kama 20 kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 meli za kigeni zilizotia nanga Zanzibar zilikuwa 41. Za Kimarekani zilikuwa 32, za Kiingereza 7, ya Kifaransa 1 na ya Kihispania 1. Nyingi za hizo za Kimarekani zilitoka Salem, mji ambao hata leo ni mdogo kuliko Dodoma kwa mbali. Zilileta kitambaa kigumu cha pamba kisichopakwa rangi, zikachukua pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Mwaka 1837 Richard Palmer Waters wa Salem akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar, na ubalozi wake aliuendesha bega kwa bega na biashara yake mwenyewe, akishirikiana kwa karibu na Jairam Shivji aliyeshika forodha. Mwaka 1847 kiwanda cha Naumkeag kilianza kufuma pamba kwa mvuke hapo hapo Salem, kitambaa kikawa kinatoka hatua chache tu kutoka gatini.

Familia hizi ziliandika barua nyingi kupita kiasi, na sababu ni ya kibiashara. Meli ya matanga ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa miezi mitatu hadi minne. Wakala aliyekuwa Zanzibar akiuliza tajiri wake bei ya pembe, jibu lilimfikia baada ya miezi saba au minane, wakati bei imeshageuka mara mbili. Kwa hiyo alilazimika kueleza kila kitu mara moja: bei ya leo, akiba ghalani, nani anadaiwa, msafara gani umechelewa, meli gani ya mshindani imeonekana. Kisha aliandika nakala, akaituma kwa meli nyingine, maana meli huzama. Na nakala nyingine ilibaki kwenye daftari lake. Barua moja ikawa karatasi tatu, mahali patatu. Ndiyo maana zimesalia. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869, meli za barua zilipoanza kuja Zanzibar kwa ratiba mwaka 1872, na simu ya maandishi ilipofika 1879, barua zikafupika na habari zikakonda. Kwa mwanahistoria, ucheleweshaji ule ulikuwa neema.

Sasa tuje kwenye ukubwa. Karatasi za Waters na za nyumba nyingine za biashara za Salem zimo katika maktaba ya Phillips, ambayo ni ya jumba la makumbusho la Peabody Essex. Maktaba hiyo ina vitabu vilivyochapwa kama 400,000, na nyaraka za mkono zinazojaza takribani maili moja ya rafu. Maili ni mita 1,609. Rimu moja ya karatasi za ofisini, ile ya karatasi 500 tunayonunua dukani, ina unene wa sentimita 5 hivi. Rimu 20 zikisimama bega kwa bega zinajaza mita moja: karatasi 10,000. Lakini nyaraka za zamani hazibanwi hivyo. Zinakaa ndani ya majalada na maboksi, na karatasi ya zamani ni nene. Tukate nusu. Mita moja ibebe karatasi 5,000, na maili nzima itakuwa karibu karatasi milioni 8.

Milioni 8 ni namba ya kukatisha tamaa, na nadhani ndiyo inayowafanya wengi wetu tuseme kazi hiyo ni ya Wamarekani wenyewe. Mtu mmoja akipiga picha karatasi moja kwa dakika, bila kuirarua, saa 6 kwa siku, atamaliza 360. Kwa siku 250 za kazi kwa mwaka, atahitaji miaka 89. Picha moja ya rangi ya ukubwa wa A4, kwa kiwango cha nukta 300 kwa inchi, inachukua megabaiti 26 kabla ya kuminywa. Picha milioni 8 zinafika terabaiti 208, na hapo umepiga upande mmoja tu.

Lakini kupiga picha si sehemu iliyo ghali zaidi. Ghali ni kukaa na karatasi mwaka baada ya mwaka. Wataalamu wanataka unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 35 na 50, na joto lisizidi nyuzi 21. Kitu hicho kinalipiwa kila siku, iwe kuna msomaji au hayupo. Jumba la Peabody Essex liliona uzito wake: Desemba 2017 lilithibitisha kwamba hazina hiyo ingehamia mji mdogo wa Rowley, na mwaka 2018 milango ikafunguliwa huko. Wakazi wa Salem walipinga kwa nguvu. Waliona barua za babu zao zinaondolewa mjini. Mtu wa Dodoma anayefuatilia habari ya doti zilizotolewa Mvumi anaweza kuwaelewa vizuri, ingawa yeye hakuwahi kuwa nazo karibu.

Kuna kipimo kingine cha gharama, na kinatoka kwa familia mashuhuri kuliko zote katika mambo ya karatasi. Ni akina Adams, waliotoa marais wawili wa Marekani, John Adams na mwanawe John Quincy Adams. John na mkewe Abigail waliandikiana barua zaidi ya 1,100. John Quincy aliandika shajara tangu 1779, akiwa mtoto, hadi 1848 alipofariki: juzuu 51, kurasa zaidi ya 14,000. Katika wosia wake aliomba karatasi zijengewe nyumba isiyoshika moto, na 1870 mwanawe akajenga maktaba ya mawe huko Quincy. Mwaka 1905 familia ikaziweka chini ya udhamini wa miaka 50. Mwaka 1956 ikazikabidhi rasmi kwa Jumuiya ya Historia ya Massachusetts. Zilipopigwa picha za mikrofilamu, zilijaza rili 608. Kazi ya kuzihariri na kuzichapa ilianza 1954, juzuu za kwanza zikatoka 1961, na mpaka leo wahariri bado wapo mezani. Zaidi ya miaka 70 ya mishahara kwa ajili ya familia moja. Nchi inayojua inataka nini kwenye historia yake hulipa hivyo bila kuona haya.

Karatasi za Stanley mwenyewe zilienda kwingine. Alizaliwa na kulelewa Wales, akahamia Marekani akiwa kijana, akapigana pande zote mbili za vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Lakini masanduku yake leo yamo Tervuren, Ubelgiji, katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati. Ni takribani vitu 7,000, barua, madaftari na picha. Karatasi za Livingstone nazo zina deni kwetu la aina ya pekee. Machi 14, 1872 Stanley aliondoka Tabora akiwa amekabidhiwa na Livingstone shajara iliyofungwa kwa lakiri pamoja na barua. Mei 6 alifika Bagamoyo. Siku 53, na katikati ya siku hizo kuna Ugogo yote. Mwaka uliofuata watumishi wa Livingstone, Chuma, Susi na wenzao, walibeba mwili wake kutoka Chitambo alikofia, ukafika Bagamoyo Februari 1874, na karatasi zake za mwisho zikatoka nao. Walinzi wa kwanza wa nyaraka hizo, ambazo leo zinasomwa London na Edinburgh, walikuwa wapagazi. Waliziweka kavu kwenye mvua za Machi, wakazivusha mito.

Kwa hiyo tuulize swali dogo. Katika maili ile moja ya Phillips, sehemu inayotuhusu ni kubwa kiasi gani? Sehemu kubwa ya maili hiyo ni habari za makanisa ya Massachusetts, wavuvi, wanamaji waliokwenda China na India, kesi za mirathi. Barua za Zanzibar ni kipande. Tuchukue mita 5 kwa ajili ya hesabu tu. Mita 5 ni karatasi 25,000, pande mbili 50,000. Dakika moja kwa kila upande ni saa 833, yaani siku 139 za kazi kwa mtu mmoja, au siku 70 kwa watu wawili. Miezi mitatu na nusu. Picha zote zingechukua terabaiti 1.3, na diski ya mfukoni ya terabaiti 2 inayouzwa kwenye maduka ya kompyuta mjini Dodoma ingezibeba na nafasi ikabaki. Hata kama kipande chetu ni mara mbili ya hapo, bado tunazungumzia diski mbili na wafanyakazi wawili kwa miezi saba. Hiyo si bajeti ya kutisha wizara.

Sehemu nyingine imeshafanywa na watu wengine. Mwaka 1965 Norman Bennett na George Brooks walichapa Boston nyaraka za wafanyabiashara wa New England katika Afrika kuanzia 1802 hadi 1865. Mwaka 1973 Bennett akatoa barua za Edward D. Ropes Mdogo, kijana wa Salem aliyekuwa wakala Zanzibar kati ya 1882 na 1892. Vitabu hivyo ni kazi ya heshima. Lakini mhariri huchagua, na huchagua kwa macho ya mji wake. Barua inayosema pembe zimechelewa na bei imepanda, kwa msomaji wa Boston ni habari ya soko. Kwa msomaji wa Dodoma inaweza kuwa habari ya ukame, au ya vita vya Mirambo, mtemi wa Unyamwezi, vilivyoziba njia ya Tabora kuanzia 1871, au ya mtemi aliyefunga visima. Mfanyabiashara wa Salem hakufika Ugogo. Aliijua Ugogo kwa njia ya kuchelewa kwa mali.

Hapo ndipo gharama halisi inapojificha, na hapo ndipo sisi tuna mtaji ambao Rowley hawana. Kupiga picha kunachukua siku 139; kusoma kunachukua miaka. Mwandiko wa karani wa 1840, wino ulioiva rangi ya kutu, kifupisho kila mstari: ukinakili kurasa 3 kwa saa umejitahidi. Kurasa 50,000 kwa kasi hiyo ni saa 16,667. Kwa saa 6 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, ni miaka 11 ya mtu mmoja. Gawanya kwa wanafunzi 50 wa historia wa Chuo Kikuu cha Dodoma, chuo kilichoanzishwa 2007, na kila mmoja anapata kurasa 1,000. Ni kazi ya mihula miwili kwa mwanafunzi anayeipangia muda. Na mwanafunzi aliyekulia hapa ana jicho la ziada. Stanley alisikia Matumbulu akaandika Matamburu. Mtu wa Boston atalitafuta jina hilo kwenye ramani asilipate. Mtu wa Bihawana atalisoma mara moja na kucheka kidogo. Kila jina la mahali likirudishwa kwenye mahali pake, barua inapata thamani ambayo haikuwa nayo kwenye boksi lake.

Mathias Mnyampala alifanya kazi ya namna hiyo bila maktaba ya maili moja. Alizaliwa 1917 hapa Ugogo, akafanya kazi serikalini, na mwaka 1954 kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kikachapwa. Alitegemea wazee, ukoo kwa ukoo. Mwaka 1995 Gregory Maddox alikitoa kwa Kiingereza. Upande mmoja wa daftari la biashara ya karne ya 19 uko humo, kwa sauti ya waliopokea doti. Upande wa waliozituma uko Massachusetts. Kwa nijuavyo, pande hizo mbili hazijawahi kuwekwa kwenye meza moja katika mji huu.

Na mji huu sasa una sababu ya kujali karatasi kuliko wakati wowote. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma ulifanywa 1973. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia, na wizara zikaja na mafaili yao. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina kituo chake cha kumbukumbu hapa, mbali na hifadhi kongwe ya Dar es Salaam inayotunza, pamoja na mengine, nyaraka za Wajerumani zilizoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Hali ya hewa iko upande wetu kwa sehemu. Dar es Salaam unyevu hupita asilimia 70 mara nyingi, na mashine za kuupunguza hula umeme usiku na mchana. Dodoma, mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, ina miezi saba ya hewa kavu. Maadui wetu ni vumbi na mchwa. Mchwa akiingia kwenye rafu ya chini hafanyi hesabu ya miaka 89. Majuma machache yanamtosha. Dawa yake ni ya kawaida: rafu za chuma, boksi la chini liinuliwe juu ya sakafu, rafu isiguse ukuta, na mtu wa kukagua kila wiki kwa tochi. Mtu huyo ndiye anayekatwa kwanza bajeti ikibana, na ndiye ghali kuliko wote kumkosa.

Ningeshauri kuanza na miaka michache tu. Kati ya 1868 na 1872 ubalozi wa Marekani Zanzibar ulishikwa na Francis Ropes Webb, mtu wa Salem na wakala wa nyumba ya John Bertram. Ndiye aliyempokea Stanley Januari 1871, akamweka nyumbani kwake na kumdhamini kwa wenye mali. Miaka hiyo inashika mambo mengi kwa mkupuo: soko la merikani likijaribu kurudi baada ya vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 kukata pamba na kuwafungulia mlango Waingereza na Wahindi, kufunguliwa kwa Suez, kuanza kwa vita vya Mirambo, na msafara ulioacha hesabu ya doti kwa doti kupitia Mvumi na Bihawana. Zikipatikana nakala za barua za miaka hiyo, ziwekwe kwenye kompyuta moja ya maktaba ya chuo, kando ya kitabu cha Mnyampala na hesabu za Stanley. Barua ya maombi kwenda Rowley inahitaji saini ya chuo, ukurasa mmoja, na orodha ya majalada yanayoombwa. Orodha hiyo inaweza kuanza kuandikwa muhula huu, kwa sababu maktaba kama hizo huweka maelezo ya maboksi yake kwenye intaneti, jalada kwa jalada.